UZI: Ngorongoro siku moja na kikundi kidogo: hesabu ya ada, saa ya kuteremka, na vinavyoharibu safari

OldeaniKaskazini

Wakuu, kila msimu maswali ni yale yale: kreta, lile bonde la volkano la Ngorongoro, siku moja bei gani, na inatosha? Tuyamalize hapa. Uzi huu ni wa safari ya kikundi kidogo, watu wanne hadi sita ndani ya Land Cruiser moja pamoja na dereva anayeongoza, kwenda na kurudi. Wa Serengeti siku tatu wana nyuzi zao.

Naanza na pesa, maana ukiielewa hesabu hii hakuna wakala atakayekuzungusha. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA) inatoza mara mbili. Kwanza kichwa: mgeni mtu mzima dola 60, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 70.80. Raia wa Afrika Mashariki mtu mzima shilingi 10,000, na VAT 11,800. Watoto wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao cha chini, walio chini ya miaka 5 hawalipi. Pili, ada ya gari kuteremka kreta: dola 250, na VAT 295. Hii ya pili ndiyo inayopotoshwa. Inalipwa kwa gari, hailipwi kwa mtu. Mkiwa wageni wawili kila mmoja anabeba 147.50. Mkiwa sita kila mmoja anabeba 49 na senti kidogo.

Kwa hiyo mgeni aliye kwenye gari la watu sita, serikali peke yake inachukua karibu dola 120 kutoka kwake kabla dereva hajawasha injini. Akiambiwa "dola 130 kila kitu ndani", ajiulize hizo kumi zinalipa dizeli ya nani. Ama kuna ada haijalipwa na ataidaiwa getini, ama gari litakuwa la watu tisa, ama hateremki kabisa: anapelekwa ukingoni, anapiga picha, anarudishwa. Muulize muuzaji swali moja tu: "Ada ya kuteremka kreta imo?" Jibu liwe kwa maandishi.

Viwango huguswa mwaka wa fedha unapoanza Julai, kwa hiyo angalieni tangazo la NCAA kabla ya kutuma hela.

Sasa saa. Nataja saa za Kiswahili. Kutoka Arusha mpaka geti la Loduare ni kama kilomita 160, lami tupu: Makuyuni, Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, Karatu, geti. Ukitoka saa 11 alfajiri unafika getini kama saa 2. Ukaguzi wa vibali nusu saa. Baada ya geti lami inaisha, unapanda msituni hadi ukingo, halafu unazunguka ukingo kwenda Seneto, njia ya kuteremkia, dakika 45 hivi kukiwa kukavu. Magurudumu yanagusa sakafu ya kreta saa 3 na nusu hadi saa 4 kasorobo. Kuondoka chini ni saa 10 alasiri kama mnarudi Arusha usiku huohuo. Mmepata saa sita, mtoe moja ya chakula na choo.

Anayelala Karatu anakuwa getini linapofunguliwa saa 12 asubuhi na sakafuni saa 1 na robo. Kapata zaidi ya saa mbili juu ya wenzake, tena zile za baridi ambapo simba bado anatembea na faru bado yuko wazi. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: siku moja inatosha kabisa, ila ianzie Karatu au Mto wa Mbu. Kutokea Arusha inawezekana, lakini unalipa ada ileile kwa kreta pungufu.

MwanaPwani

Shukrani mkuu, umefungua macho. Tuko wanne, wawili raia na wawili ndugu zetu wa Muscat wenye pasipoti za Oman. Wanaongea Kiswahili kuliko sisi. Je, wanaingia kwa bei ya raia? Na gari tukodi wenyewe au tujiunge na kikundi?

KaratuMjini

Ndugu yangu, geti haliangalii lafudhi, linaangalia karatasi. Pasipoti ya Oman ni mgeni, dola 70.80. Hata aliyezaliwa Ng'ambo Unguja akawa na pasipoti ya Uingereza au Kanada, ni hivyohivyo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki aje na pasipoti au kitambulisho cha taifa. Kwa Mtanzania NIDA inatosha. Picha ya kitambulisho kwenye simu inaweza kukuletea mjadala, na mjadala wa getini unakula muda wa wenzako watano. Chukua kadi yenyewe. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi ana daraja lake, aje na kibali.

Majina, namba za vitambulisho na uraia mtume kwa kampuni mapema, kwa sababu kibali kinatengenezwa kwenye mfumo kabla ya safari na kulipiwa kwa kumbukumbu namba. Usibebe bahasha ya noti ukitegemea kulipa dirishani. Mkosaji wa kawaida hapa ni yule anayeongeza mtu usiku wa kuamkia safari: "binamu naye anakuja". Binamu hayumo kwenye kibali, gari zima linasimama pembeni mpaka alipiwe.

Kujiunga au kukodi: mkiwa wanne kodini gari lenu. Kujiunga kunamfaa aliye peke yake au wawili. Mkijiunga, ulizeni mambo matatu: watu wa mwisho ni wangapi, wengine wanachukuliwa hoteli zipi, na ikitokea hawakufika sita bei inabaki ileile au inapanda. La pili ndilo linaloumiza. Kikundi cha watu sita kutoka hoteli tano za Arusha kinaweza kumaliza saa nzima mjini kikizunguka kuokota abiria. Dai sehemu moja ya kukutania.

Halafu kwa ndugu wa Muscat na wa Ulaya: wakiandikiwa "saa 11" kwenye ujumbe, wahakikishe wote mnaongelea saa ile ile. Kuna watu huikuta saa 11 ya kizungu inagonga gari limeshapita Makuyuni.

FundiSpringi

Kabla ya kulipa malipo ya awali, ombeni picha ya gari lenyewe. Siyo ya tovuti, ya gari, namba ionekane. Vya kuangalia:

Gari lazima liwe la kuvuta magurudumu yote manne, Noah na Hiace hazishuki. Baadhi ya kampuni hubeba watu kwa Hiace hadi Karatu, kisha hubadilishia Land Cruiser. Si kosa, ila mjue mapema, maana kubadilisha mizigo ni dakika ishirini.

Land Cruiser iliyorefushwa ina viti saba vya abiria: kimoja kando ya dereva, sita nyuma. Kila mtu awe na dirisha lake. Ukiona wamebana kiti cha katikati, anayekaa pale atakuwa anaangalia visogo siku nzima. Kiti cha nyuma kabisa kipo juu ya ekseli. Mwenye mgongo mbovu au mjamzito akae safu ya mbele ya sehemu ya abiria. Badilishaneni baada ya chakula.

Paa la kunyanyuka: mfanye dereva alifungue na kulifunga mbele yenu asubuhi. Likigoma kufunga na mvua ikaja kreta, mtaloa mpaka soksi.

Tairi za akiba mbili. Jeki ndefu. Redio ya mawasiliano inayofanya kazi, siyo waya unaoning'inia. Bila redio dereva ana macho mawili tu. Akiwa nayo ana macho ya magari yote yaliyoko chini.

Mafuta: mzunguko wote kutoka Arusha, kreta na kurudi ni kama kilomita 430 hadi 450. Gari la aina hii lenye mzigo linakula lita moja kwa kilomita sita au saba, kwa hiyo weka hesabu ya lita 65 hadi 75. Ijazwe Karatu. Dereva anayesema "yatatosha" huku mshale uko robo, mshushe kwenye kituo cha mafuta kabla hajakushusha wewe kreta.

Teremko la Seneto ni la kwenda chini tu, la Lerai ni la kupanda tu. Njia ya mashariki, upande wa hoteli ya Sopa, inapitika kote kuwili, lakini kwa anayetokea Loduare iko mbali. Pale Seneto dereva mzuri husimama juu, huweka gia ya nguvu, hushuka na namba moja au mbili bila kukalia breki. Ukisikia harufu kama ya mpira ulioungua, hizo ni breki. Mwambieni asimame zipoe. Hakuna aibu hapo.

Mama_Lerai

Hamjambo wanangu. Nyie mmeongelea chuma, mimi naongelea binadamu aliye ndani ya hicho chuma.

Ukingo uko kwenye mita 2,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, sakafu iko mita 600 chini yake. Watu wa Dar na Mombasa hawaamini baridi ya pale mpaka waione. Mwezi wa sita hadi wa nane asubuhi ukingoni unahitaji sweta, koti na kitu cha kichwani. Ukungu hujaa msituni mpaka dereva anawasha taa, na kile kituo cha kutazamia cha kwanza baada ya kupanda kutoka getini unakuta ukuta mweupe. Msilie wala msisubiri pale. Ukungu uko juu. Ukiteremka mita mia mbili tatu kreta inafunguka chini yako. Kituo cha kutazamia kiachieni jioni. Wanaosimama nusu saa wakisubiri ukungu uondoke wanaipunguza safari yao wenyewe.

Sakafuni saa tano jua linachoma, kwa hiyo nguo za kuvua moja moja. Kiangazi vumbi ni la kweli: leso au kitenge cha kufunga pua, na kamera ndani ya mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, usiilete. Ule ushauri wa kutovaa bluu na nyeusi kwa sababu ya mbung'o ni wa Tarangire, kreta husumbuki nao.

Choo. Kipo getini, kipo kwenye kituo cha pikniki cha Lerai, kipo Ngoitokitok. Katikati hakuna, na kushuka garini kuchimba dawa ni marufuku. Nyasi zile ndogo zinaficha simba akiwa amelala. Mwenye mtoto au kisukari amwambie dereva mapema apange njia kufuata vyoo. Dereva mwenye akili hachukii.

Na nyani wa getini! Wakati dereva yuko dirishani na vibali, fungeni vioo vyote. Wanajua boksi la chakula kwa umbo. Anaingia mkono, anatoka na boksi zima, anakaa juu ya boneti ya gari la jirani, anamenya yai lako polepole huku anakutazama.

OldeaniKaskazini

Shikamoo mama. Umenikumbusha chakula. Pale Ngoitokitok kuna dimbwi la viboko na mti mkubwa, pazuri, kila mtu anataka kula nje. Mwewe wanazunguka juu. Hawapigi kelele. Unainua paja la kuku, unahisi upepo sikioni na kucha kwenye vidole, kuku hayupo. Kuna wanaochanika. Kuleni ndani ya gari, paa likiwa limefungwa, halafu mshuke mikono mitupu kutazama viboko. Lanchi boksi ya kawaida ni kuku, yai, ndizi, keki na juisi. Asiyekula kuku aseme siku moja kabla, kwa sababu boksi zinafungwa usiku.

Pia msile saa 6 kamili kama kila mtu. Saa hizo kituo kina magari yamejipanga. Kuleni saa 5 au saa 7 na nusu, wakati wengine wamejazana pale nyie mna barabara peke yenu.

MwanaPwani

Mama shikamoo. Na wanyama je? Ndugu zetu wanataka "wakubwa watano" wote (simba, tembo, nyati, chui na faru) na twiga juu.

KaratuMjini

Twiga hayumo kreta, wala swala pala. Maelezo ya kawaida ni mwinuko wa kuta na uchache wa miti ya kula sakafuni. Twiga mtawaona juu, mkiwa upande wa kuelekea Serengeti, au njiani. Dereva akiwaahidi twiga kreta, hiyo ni alama ya kujua amejifunza kazi wapi.

Watakaoonekana karibu kwa hakika: nyumbu, pundamilia, nyati, swala tomi, swala granti, fisi, viboko, na wale ndege wakubwa tandawala. Simba kwa kawaida hupatikana, mara nyingi wamelala kivulini mwa magari, msitoe mkono. Tembo wengi wa kreta ni madume wazee, watafuteni msitu wa Lerai na mabwawa ya Gorigor. Chui ni wa msitu wa ukingo, msimwekee hesabu. Heroe wako Ziwa Magadi, na wingi wao unategemea maji. Ziwa likikauka mtaona chumvi nyeupe.

Kwa nini wanyama wamejaa hivyo humo ndani? Maji hayakatiki. Mto Munge unashuka kutoka Olmoti, chemchemi za Ngoitokitok hazikauki, nyasi zipo kwenye udongo wa volkano iliyobomoka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Hiyo haimaanishi ni pepo. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma walijaa kreta hadi simba wakadhoofika na kufa, wakabaki kama kumi tu. Ukoo wa simba wa leo umetokana na hao wachache na wageni wachache walioingia baadaye, na ndiyo maana watafiti wanaufuatilia sana.

DarubiniNaneKwa42

Faru weusi ndio sababu ya watu wengi kuja kreta, na ndipo wanapokata tamaa. Sheria ni kubaki barabarani, hakuna kukata nyasi hata faru awe nusu kilomita. Kwa hiyo mara nyingi anaonekana kama jiwe la kijivu linalosogea. Bila darubini umekuja bure. Ya 8x42 (inayokuza mara nane) inafaa, 10x42 inatikisika mkononi garini. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele au maharagwe ukiwekwa kwenye ukingo wa paa ndio stendi bora ya kamera. Injini izimwe kabla ya kupiga picha, mtikisiko wa dizeli unaharibu picha ya mbali.

Namna ya kumtafuta: asubuhi na alasiri, uwanda ulio kati ya Lerai na ziwa, simameni dakika kumi mkichunguza nyasi kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Saa za mchana huwa amelala, nyasi zikiwa ndefu anatoweka kabisa. Wanaopita mbio wakitafuta jambo jipya kila dakika tano hawamwoni. Mwambieni dereva mapema kama kikundi chenu ni cha faru au cha kuzunguka. Ugomvi mwingi wa vikundi vya kujiunga unaanzia hapo: wawili wanataka kusubiri, wanne wanataka kuondoka. Kura ipigwe asubuhi, siyo mbele ya faru.

Droni acheni nyumbani, bila kibali inanyang'anywa.

NamangaMpakani

Kwa wanaotoka Nairobi: gari la utalii la kampuni ya Kenya haliingii hifadhini huku. Abiria hubadilishia gari la Tanzania Namanga. Kutoka Namanga hadi Arusha ni kilomita 110 hivi, saa mbili, bado foleni ya uhamiaji. Kwa hiyo "Nairobi–Kreta–Nairobi siku moja" ni ndoto. Laleni Karatu, basi.

Kuhusu matapeli: kampuni halali ina leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii. Ombeni nakala, jina lililo kwenye leseni lifanane na jina la akaunti mnayolipia. Mkiambiwa mtume kwenye namba binafsi ya simu "kwa sababu akaunti ina matatizo leo", safari imeishia hapo. Lipeni sehemu, salio mlipe mkiliona gari.

MwanaPwani

La mwisho kabisa: boma la Wamaasai tuweke? Na dereva tumpe nini?

KaratuMjini

Boma lina ada yake ya pembeni, mnakubaliana kabla ya kushuka garini, kwa gari zima. Linachukua saa moja. Mkilala Karatu wekeni, tena jioni mkishatoka chini. Mkitokea Arusha liacheni, saa hiyo mtaitoa kwenye kreta. Mkisimama ukingoni, kaburi la Bernhard Grzimek, Mjerumani mtetezi wa wanyamapori, na mwanawe Michael, aliyefariki kwa ajali ya ndege 1959, halilipiwi na ni dakika tano.

Dereva: wageni hutoa dola 10 hadi 20 kila mmoja. Wazawa toeni mnachoweza, kikusanywe kiwe kimoja na apewe mkononi mwa mtu mmoja. Kampuni zinazosema "imeshawekwa kwenye bei" mwulizeni dereva mwenyewe, kwa upole, mkiwa peke yenu.

FundiSpringi

Naongeza la kutoka. Magari yote yanatakiwa yawe yametoka kreta kufikia saa 12 jioni, lakini msilenge hiyo. Kupanda Lerai mkiwa sita na mvua imepiga, gari mbele yenu likikwama, hakuna pa kulipita. Anzeni kupanda saa 10. Toka getini kurudi Karatu ni lami na vijiji, mwendo wa vijijini kilomita 50 kwa saa, na askari wapo.

Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ile barabara ya msituni kutoka geti hadi ukingo inakuwa kama imepakwa sabuni. Ulizeni tairi zina kashata au zimekuwa vipara. Ni swali la sekunde mbili, dereva anainama mwenyewe kuangalia.

MwanaPwani

Tumeshakubaliana: Karatu usiku mmoja, gari letu wanne, mchele tumeshafunga kwenye mfuko wa kitenge. NIDA ya mzee inatafutwa.

Mama_Lerai

Itafuteni leo, siyo usiku wa kuamkia. Na yai la mzee lifichwe.